FUNDO LA MISHIPA YA DAMU KICHWANI: UTAFITI UMETUFUNDISHA NINI?

Ni saa nne asubuhi katika kata ya Sokon I, jijini Arusha. Kijana wa miaka 22 anashusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye mkokoteni. Ghafla anashika kichwa. Anasema, "Kichwa kinapasuka!" Anatapika. Kisha anaanguka chini na kutetemeka mwili mzima.

Watu wanakusanyika. Mmoja anasema, "Msimguse huyo, kifafa kitawapata." Mwingine anasema, "Juzi aligombana na mtu. Huyu karogwa." Wa tatu anatafuta kijiko amtie mdomoni. Mama yake anafika akilia. Anashauriwa ampeleke kijana kwa mganga wa kienyeji, mbali, upande wa pili wa mlima.

Lakini shangazi wa kijana anasema, "Wifi, mtoto huyu hajawahi kuumwa hivi tangu azaliwe. Twende hospitali sasa hivi. Hayo mengine tutayaongea baadaye."

Ndugu msomaji, mfano huu tumeutunga. Lakini maneno hayo umeyasikia, na pengine hata wewe umewahi kuyasema. Leo tutaeleza ugonjwa mmoja unaoweza kumwangusha kijana mzima namna hiyo. Ni kasoro ya mishipa ya damu ndani ya ubongo. Wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi. Hebu tuone wamefika wapi, na sisi wa huku Meru tufanye nini.

MSHIPA GANI TUNAOSEMA?

Neno "mshipa" hutuchanganya. Mtu mwenye ngiri husema ana mshipa. Mtu aliyeteguka mguu husema mshipa umekaza, kumbe ni msuli. Tena kuna mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Hapa hatusemi hiyo. Tunasema mishipa ya damu tu, tena ile iliyo ndani ya fuvu la kichwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ni mdogo, lakini unakula sana! Moyo husukuma lita kama 5 za damu kila dakika mtu akiwa ametulia. Katika hizo, karibu robo tatu ya lita huenda kwenye ubongo. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, sehemu ya ubongo huanza kufa. Damu ikimwagika nje ya mshipa, nayo huua sehemu hiyo kwa kuibana.

MFEREJI ULIOKOSEA NJIA

Mkulima yeyote wa mteremko wa Meru anajua mambo ya mfereji. Maji yanatoka mtoni kwa nguvu. Yanaingia mfereji mkubwa, halafu mifereji midogo, halafu vijifereji kati ya migomba. Huko yanatulia. Udongo unakunywa. Maji yanayobaki huteremka polepole mpaka kwenye kijito cha chini.

Damu nayo huenda hivyo hivyo. Inatoka moyoni kwa nguvu katika mishipa minene inayoitwa ateri. Ateri hugawanyika, zikawa nyembamba zaidi na zaidi, mpaka zikawa vishipa vyembamba kuliko unywele. Hivyo huitwa kapilari. Hapo damu inakwenda taratibu, na ubongo unapata hewa na chakula. Kisha damu hukusanyika katika mishipa ya kurudi moyoni, inayoitwa vena. Kuta za vena ni laini, maana damu inayopita humo haina tena nguvu nyingi.

Sasa fikiri kwamba mtu amechimba njia ya mkato. Ameunganisha mfereji mkubwa moja kwa moja na kile kijito cha chini. Yatatokea mambo mawili. Kwanza, migomba ya jirani itakosa maji. Pili, kijito kitapokea maji ya nguvu ambayo kingo zake haziwezi kuyazuia. Kitapanuka, kitajipinda, na siku moja kingo zitabomoka.

Basi, hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Ateri na vena zimeungana bila kapilari katikati. Mishipa imejisokota kama fundo la kamba. Tutaiita fundo la mishipa. Mtu anaweza kukaa na fundo hilo miaka 20 au 30 bila kujua. Mara nyingi hugunduliwa mtu akiwa bado kijana, siku linapovuja damu au linapoleta degedege.

Kasoro ya pili huitwa kavenoma. Hii haina nguvu ya damu kama ile ya kwanza. Ni kishada cha vifuko vidogo vyenye kuta dhaifu, kama tunda la forosadi. Damu inalala humo, na mara kwa mara huvuja kidogo kidogo.

Iko pia hali nyingine, ambapo ateri huvimba upande mmoja kama puto. Huo ni ugonjwa wa namna yake, nasi hatutauzungumzia leo. Ila puto hilo nalo likipasuka huleta maumivu makali ya ghafla ya kichwa, na safari ni ile ile ya hospitali.

Je, watu wangapi wana kasoro hizi? Katika nchi zilizohesabu, fundo la mishipa hugunduliwa kwa mtu kama 1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Kavenoma ni ya kawaida zaidi. Karibu mtu 1 katika kila 200 anayo, na wengi wao hawataugua hata siku moja.

DALILI NI ZIPI?

Kasoro hizi zikitaka kujionyesha, huleta mambo haya:

1. Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, kama mtu amepigwa rungu. Mara nyingi huja pamoja na kutapika au shingo kukakamaa.

2. Kuanguka na kutetemeka, kwa mtu ambaye hakuwa na kifafa.

3. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, au maneno kutotoka sawasawa.

4. Macho kuona viwili viwili au kuona giza ghafla.

5. Kusinzia kusiko kwa kawaida, mpaka kuzirai.

Tafadhali usiogope kila kichwa kinapokuuma. Vichwa vingi vinauma kwa sababu ya malaria, uchovu, njaa, macho au mawazo. Jambo la kuogopa ni maumivu mapya, makali kupita yote uliyowahi kuyapata, tena ya ghafla.

JINSI WATU WALIVYOJIFUNZA KUONA NDANI YA FUVU

Kwa karne nyingi hakuna mtu aliyeweza kuona fundo hili kwa mgonjwa aliye hai. Fuvu ni sanduku lililofungwa. Picha za eksirei zilionyesha mfupa, lakini mishipa haikuonekana.

Mwaka 1927, daktari mmoja wa Ureno aitwaye Egas Moniz alifanya jaribio mjini Lisbon. Aliingiza kwenye ateri ya shingo dawa isiyopenywa na eksirei, kisha akapiga picha. Mishipa ya ubongo ikaonekana kama matawi ya mti. Tangu hapo madaktari waliweza kuliona fundo kabla ya kufungua fuvu.

Mwaka 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Mashine hiyo ilibuniwa na mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield. Huonyesha kichwa vipande vipande, kama mtu anavyokata mkate. Kwa dakika chache daktari anajua kama kuna damu iliyomwagika. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyetafuta hesabu zake.

Miaka ya 1980 ikaja mashine ya MRI, inayotumia sumaku. Hiyo ndiyo iliyofichua kavenoma. Kumbuka, damu ya kavenoma inalala, kwa hiyo picha za Moniz hazikuweza kuionyesha vizuri. Watu wengi walioambiwa kwamba kichwani hawana kitu, kumbe walikuwa nacho.

JE, LAZIMA KUKATA?

Hapa ndipo utafiti umetufundisha jambo kubwa.

Mtu akiambiwa ana fundo la mishipa kichwani, hufikiri hivi: "Kitu kibaya kikionekana, kitolewe." Hata madaktari walifikiri hivyo kwa muda mrefu. Na njia za kulitibu zipo tatu.

Njia ya kwanza ni upasuaji. Daktari anafungua fuvu, anafunga mishipa inayoleta damu, kisha analitoa fundo.

Njia ya pili ni kuziba kwa ndani. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono. Husukumwa taratibu mpaka kichwani. Kisha dawa kama gundi hupitishwa humo kuziba njia ya mkato. Fuvu halifunguliwi.

Njia ya tatu ni mionzi. Lars Leksell wa Stockholm, nchini Sweden, alitengeneza mashine inayokusanya mionzi mingi myembamba mahali pamoja. Ilianza kutumika mwaka 1968. Mionzi huifanya mishipa ya fundo izibe yenyewe, lakini si leo wala kesho. Huchukua miaka miwili au mitatu.

Mwaka 1986 madaktari wawili wa Marekani, Robert Spetzler na Neil Martin, walitoa kipimo cha kumsaidia daktari kuamua. Waliuliza maswali matatu. Fundo lina ukubwa gani: chini ya sentimeta 3, kati ya 3 na 6, au zaidi ya 6? Je, liko karibu na sehemu ya kusema, kuona au kutembea? Je, damu yake inarudi kwa njia zilizo ndani sana ya ubongo? Kila jibu lina alama zake. Fundo la alama 1 ni rahisi kulitoa. Fundo la alama 5 ni la hatari mno, na mara nyingi ni heri kutoligusa.

Lakini swali moja lilibaki. Fundo ambalo halijawahi kuvuja, lichokozwe au liachwe?

Swali hilo lilipelekwa kwenye utafiti mkubwa ulioitwa ARUBA, ulioanza mwaka 2007 katika nchi kadhaa. Wagonjwa 226 waliandikishwa, wote wenye fundo ambalo halijavuja. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa matibabu ya kuondoa au kuziba fundo. Kundi la pili lilipewa dawa za kutuliza dalili tu, kama vile kichwa na degedege. Mwaka 2013 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, maana jibu lilikuwa limeonekana. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Katika watu 114 waliotakiwa kutibiwa fundo, 35 walipata kiharusi au walikufa. Katika watu 109 wa kundi la dawa tu, walikuwa 11.

Wengi walishangaa! Lakini mchimba mfereji hawezi kushangaa sana. Ukikimbilia kuziba njia ya mkato bila kupima, maji yanaweza kubomoa mahali pengine.

Hata hivyo, tusiyaelewe vibaya matokeo hayo. Wagonjwa wale walifuatwa kwa wastani wa karibu miaka mitatu tu, na mtu anaishi na fundo maisha yake yote. Fundo ambalo halijatibiwa huvuja kwa watu kama 2 hadi 4 katika kila 100 kwa mwaka. Kwa kijana wa miaka 22, miaka ni mingi. Kwa hiyo madaktari wanaendelea kubishana juu ya vijana wenye mafundo madogo, rahisi kutoa. Tena utafiti ule haukuwahusu watu ambao fundo lao limekwisha kuvuja. Hao wako katika hatari zaidi ya kuvuja tena, hasa katika mwaka wa kwanza. Kwao matibabu yanahitajika mara nyingi.

Kwa upande wa kavenoma, mwaka 2016 watafiti walikusanya habari za watu 1,620 kutoka nchi mbalimbali. Mtu ambaye kavenoma yake haikuwahi kuvuja, na haipo kwenye shina la ubongo, alikuwa na hatari ya kama 4 kwa 100 ya kuvuja damu katika miaka mitano. Lakini aliyekwisha kuvuja, tena kavenoma ikiwa kwenye shina la ubongo, hatari yake ilikuwa kama 31 kwa 100. Jina la ugonjwa ni moja, lakini hatari ni mbalimbali sana.

Basi, daktari akikwambia, "Tutaliacha na kulichunguza," usidhani amekutupa au anataka hongo. Huenda huo ndio ushauri bora kwako. Mwulize, "Fundo langu lina alama ngapi? Limewahi kuvuja? Nirudi lini?" Una haki ya kuuliza.

CHANZO CHAKE NI NINI?

Sasa turudi kwa yule aliyesema, "Huyu karogwa."

Mwaka 2018 watafiti wa Kanada na Finland walitangaza jambo walilolikuta ndani ya mafundo yenyewe. Walichunguza mafundo ya wagonjwa 72. Katika 45 kati ya hayo, walikuta kosa dogo katika jeni moja iitwayo KRAS. Jeni ni maandishi ya asili yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili. Ndiyo yanayoiambia chembe ifanye kazi gani. Katika mafundo haya, herufi moja imekosewa. Chembe za ukuta wa mshipa zinapata amri ya kukua wakati hazitakiwi kukua.

Kosa hilo lilikuwa kwenye fundo tu. Halikuwa katika damu ya wagonjwa. Maana yake ni nini? Hawakulipata kwa baba wala mama. Lilitokea lenyewe katika chembe moja, mwili ulipokuwa ukijijenga. Si laana ya ukoo. Si kosa la mama alipokuwa mjamzito. Wala si kazi ya jirani.

Kavenoma ni tofauti kidogo. Watu wengi wana kavenoma moja tu, isiyo ya kurithi. Lakini ziko familia ambazo hurithishana, na mtu mmoja anaweza kuwa na kavenoma nyingi. Jeni ya kwanza ya ugonjwa huo ilipatikana mwaka 1999. Ya pili ilipatikana mwaka 2003, na ya tatu mwaka 2005. Kwa hiyo ndugu wawili wakipata degedege au kuvuja damu kichwani, mwambie daktari habari za ukoo.

Je, dawa ya kunywa imepatikana? Bado. Mwaka 2023 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya kujaribu propranolol, dawa ya zamani ya moyo na presha, kwa watu waliorithi kavenoma. Dawa haikuwadhuru sana wagonjwa, lakini utafiti ulikuwa mdogo. Haukuthibitisha kuwa inazuia kuvuja. Tafadhali usiende duka la dawa kuinunua! Inaweza kumdhuru mwenye pumu. Kwa upande wa fundo la mishipa, watafiti wanajaribu dawa zinazozuia ile amri mbaya ya KRAS. Hayo ni majaribio, hayajawa tiba ya kila siku.

Mwaka huo huo wa 2023, madaktari wa Boston, Marekani, waliziba kasoro ya mshipa mkubwa wa ubongo kwa mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake. Walipitisha sindano tumboni mwa mama, ikapenya kwenye fuvu la mtoto. Mtoto alizaliwa salama. Miaka michache nyuma, nani angeamini?

NA HUKU KWETU JE?

Utafiti haufanywi Ulaya na Marekani tu. Jirani zetu wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wamewafundisha wataalamu wa dunia nzima. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu kila aliyepata kiharusi katika Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Watu waliochaguliwa humo humo walitoa habari za wagonjwa. Mtu akifa kabla ya kupimwa, ndugu zake waliulizwa alianza kuumwaje. Kwa njia hiyo walipata viharusi 636, na matokeo yalitolewa mwaka 2010. Ukilinganisha watu wa umri sawa, viharusi vya Dar es Salaam vilikuwa karibu mara tatu ya vile vya Hai.

Hapa tuseme wazi. Viharusi vingi havitokani na fundo la kuzaliwa. Adui mkubwa ni presha ya damu, hasa kwa watu wazima. Presha hupimwa kwa dakika tano, tena zahanati. Fundo la mishipa lifikiriwe zaidi kijana asiye na presha anapopata kiharusi au degedege bila sababu.

Katika Hai hiyo hiyo, watafiti waliwachunguza pia watu wenye kifafa. Zaidi ya nusu hawakuwa kwenye dawa. Hilo linatuhusu sana. Kasoro hizi za mishipa ni mojawapo ya sababu za degedege. Mtu anayefichwa ndani kwa aibu hawezi kupimwa wala kutibiwa.

Matibabu nayo yanasogea. Mwaka 2006 daktari wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, katika wilaya ya Mbulu. Alimfundisha upasuaji wa kichwa daktari msaidizi wa hapo hapo, Emmanuel Mayegga. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko kilometa kama 80 tu kutoka Arusha. Huko Dar es Salaam kuna Taasisi ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hiyo ndiyo taasisi ya taifa ya mifupa na upasuaji wa ubongo. Katika miaka hii ya 2020 imeanza pia kutibu mishipa ya ubongo kwa mrija, bila kufungua fuvu. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alitafutiwa safari ya nje ya nchi.

TUFANYE NINI?

Mashine zote hizo hazina faida kama mgonjwa atachelewa siku mbili kwa sababu ya maneno ya sokoni. Basi tushike haya:

1. Mtu akianguka na kutetemeka, mguse bila hofu. Kifafa hakiambukizi kwa kugusana wala kwa mate. Ondoa mawe na vitu vikali karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa. Kutetemeka kukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke nje.

2. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Wengi wamevunjwa meno, na wengine wamepaliwa.

3. Tazama saa. Kutetemeka kukizidi dakika tano, au kukirudi kabla hajazinduka, ni hatari kubwa. Kama ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali hata akizinduka.

4. Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, au upande mmoja kulegea, ni safari ya saa ile ile. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au hospitali kubwa iliyo karibu. Usingoje kesho. Usimpakie katikati kwenye pikipiki kama fahamu zimempotea. Tafuteni gari.

5. Usimpe aspirini. Aspirini huzuia damu kuganda. Kama mshipa unavuja, utavuja zaidi.

6. Aende naye mtu aliyeona. Daktari atauliza, "Ilianza saa ngapi? Kichwa kiliuma kwanza, au alianguka kwanza? Upande gani ulitetemeka?" Majibu hayo ni nusu ya kipimo.

7. Uliza habari za picha ya CT. Kama haipatikani hapo, uliza atapelekwa wapi. Kama fedha hakuna, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake ni pamoja na kuwasaidia wasio na uwezo. Mwenye bima aende na kadi yake.

8. Aliyeandikiwa dawa za degedege asiziache kwa kuwa amepata nafuu. Dawa ikikatizwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu.

9. Pima presha, hata kama hujisikii mgonjwa. Presha ikiwa juu, mshipa mzima unaharibika, sembuse ule wenye kasoro?

Yule kijana wa mfano wetu alikuwa na njia mbili mbele yake. Njia moja ilipanda kwa mganga, nyuma ya mlima. Njia ya pili ilikwenda hospitali, mwendo wa nusu saa. Kilichoamua ni mtu mmoja aliyejua dalili na asiyeogopa kusema mbele ya watu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Soma makala hii kwa sauti nyumbani, kisha mpe jirani naye aisome.

MANENO MAGUMU

Ateri: mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni.
Vena: mshipa unaorudisha damu moyoni.
Kapilari: kishipa chembamba sana kinachounganisha ateri na vena.
Kavenoma: kishada cha vifuko dhaifu vya damu.
Jeni: maandishi ya asili yanayoongoza chembe za mwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa mfano wa mfereji jinsi fundo la mishipa linavyoleta hatari.
2. Kwa nini daktari anaweza kuliacha fundo bila kulikata?
3. Mtu akisema, "Kijana huyu karogwa," utamjibu nini?
4. Mgonjwa akianguka mtaani kwenu usiku, mtapata wapi gari? Pangeni sasa, kabla hajaanguka.